Kabla ya Kununua Mota Mpya: Fahamu Kihisi cha Hall katika Pikipiki ya Umeme

Mhudumu wa bodaboda anapompelekea fundi pikipiki ya umeme inayotetemeka wakati wa kuondoka, au isiyosonga kabisa ilhali betri imejaa, mara nyingi huambiwa mota imeungua. Mota ni ghali. Lakini ndani yake, na pia ndani ya kishikio cha mwendo kilicho kulia kwa usukani, mna vipande vidogo kuliko punje ya mahindi ambavyo vikiharibika huleta dalili hizo hizo. Vipande hivyo huitwa vihisi vya Hall.

Jina hilo linatokana na Edwin Hall, aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1879. Alisoma katika kitabu cha mwanasayansi Maxwell kwamba sumaku husukuma waya unaobeba umeme, wala si mkondo wenyewe. Hakuridhika. Alibandika utandu mwembamba sana wa dhahabu juu ya kioo, akapitisha umeme kwa urefu wake, kisha akauweka katikati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Volteji ndogo ikajitokeza kati ya ubavu mmoja wa utandu na mwingine. Mkondo ulikuwa umesukumwa kando. Wakati huo hata elektroni haikuwa imegunduliwa. Ilibidi kungoja hadi 1897.

Ni kama matatu inayokata kona kwa kasi: abiria wote hulalia upande mmoja. Elektroni zinapopita mbele ya sumaku hurundikana ubavuni, na mrundikano huo ndio volteji inayopimwa. Sumaku ikiwa karibu, volteji hupanda. Ikigeuzwa, volteji nayo hugeuka. Katika dhahabu elektroni ni nyingi mno, hivyo volteji huwa hafifu. Vihisi vya leo hutumia silikoni, ambayo ina elektroni chache zinazolazimika kwenda kasi zaidi kubeba mkondo ule ule.

Ndani ya kishikio, sumaku huzunguka pamoja na mkono wa dereva, nacho kihisi hutulia. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinachosagika. Ndani ya mota huwa na vihisi vitatu vinavyoiarifu kontrola mahali sumaku za gurudumu zilipo, ili ijue ni koili ipi ipewe umeme. Kimoja kikifa, kontrola hubahatisha, na mota hunguruma na kutetemeka.

Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kulibaini hili kwa dakika chache, gurudumu likiwa limeinuliwa kutoka ardhini. Kihisi cha kishikio kwa kawaida hupewa volti 5. Waya wake wa ishara husoma karibu volti 1 kishikio kikiwa kimeachiliwa, na hupanda polepole hadi karibu 4 kinapozungushwa. Kwa vihisi vya mota, gurudumu huzungushwa taratibu kwa mkono, na kila waya wa ishara sharti uruke kati ya karibu 0 na karibu 5. Ule usiobadilika ndio wenye hitilafu, ingawa ni busara kukagua plagi yake kwanza: maji ya mashine ya kuoshea magari hupenya humo na kuleta kutu. Nyaya nene za betri, ambazo katika pikipiki nyingi hubeba volti 60 au 72, hazipaswi kuguswa na asiye na mafunzo.

Ishara ya kishikio haianzii sifuri kwa sababu maalum. Waya wa hasi ukikatika, ishara inaweza kuruka hadi volti 5, kana kwamba dereva amezungusha kishikio hadi mwisho. Kontrola nzuri hutambua kwamba kiwango hicho hakiwezi kutoka kwa kishikio kizima, ikakata umeme. Kontrola duni huitii, na pikipiki huchomoka yenyewe. Ndiyo maana nyaya za kishikio hazifai kuunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa karatasi ya nailoni.