Mwenzako Akinyolewa, Tia Maji: Funzo la Wembe, Povu na Mafuta

Ningependa kuanza na methali ambayo sote tumeisoma tangu shule ya msingi: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwalimu akiuliza maana yake, darasa zima hujibu kwa sauti moja kwamba ukiona mwenzako amepatwa na jambo, nawe jitayarishe. Jibu hilo ni sahihi. Lakini siku moja niliinua mkono nikauliza, "Mwalimu, mbona wahenga walisema tia maji? Mbona hawakusema tia sabuni, au tia mafuta?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliniambia nikalitafute jibu kisha niliandike. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, nami nililipata kichwani mwa babu yangu.

Povu lagoma

Babu, ambaye sisi nyumbani humwita Awoowe, ni mzee mwenye ugonjwa wa sukari. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hivyo kazi ya kumnyoa kichwa na kumchonga ndevu ni yangu. Kazi hii si mchezo. Mtu mwenye sukari akikatwa, hata kidogo, kidonda chake huweza kuchelewa kupona na huingia uchafu kwa urahisi.

Sasa, mnaijua Ijara yetu. Walio karibu na Masalani wana Mto Tana. Sisi tulio mbali na mto hutegemea mabwawa ya kuchimbwa, na mabwawa yakikauka hukimbilia kisima cha maji ya chumvi. Katika ukame ule ulioanza mwaka wa 2020, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na tangu wakati huo nyumbani kwetu tumezoea kupima maji kwa kikombe.

Kiangazi kilichopita nilichukua kipande cha sabuni na maji ya kisima ili nimnyoe Awoowe. Nikasugua, nikasugua tena. Povu halikutoka. Badala yake nikaona vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Nikasema, potelea mbali, nikaanza kunyoa hivyo hivyo. Awoowe akaguna, "We kijana, unaninyoa au unaning'oa?" Kabla sijajibu, wembe ukamkata nyuma ya sikio. Kidonda kile kilichukua zaidi ya wiki tatu kupona. Kila asubuhi nilipokwenda shule nilikiona, na roho iliniuma.

Kwa nini povu liligoma? Maji ya visima vingi yana madini ya kalisiamu na magnesiamu. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Sabuni ikikutana na madini hayo huungana nayo na kufanya ule utando mweupe. Mpaka madini yaishe, hakuna sabuni inayobaki ya kufanya povu. Kwa hivyo unaweza kumaliza kipande kizima bila kupata povu la kutosha shavu moja.

Mafuta yaingia

Nyanya aliponiona nimeinamisha kichwa alisema, "Tumia mafuta ya simsim." Mafuta haya si mageni kwetu. Majirani zetu wa Lamu hulima simsim, na zamani waliikamua kwa kinu kilichozungushwa na ngamia. Basi nikampaka Awoowe mafuta mengi kwenye nywele kavu, nikachukua wembe mpya.

Hapa nilikosea mara ya pili. Wembe uliteleza vizuri juu ya ngozi, lakini nywele zilikuwa ngumu vile vile. Zilivutika tu. Awoowe alikunja uso, nami nikaacha kabla sijamwaga damu tena.

Mara ya tatu nilichovya kitambaa safi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, nikakifunika kichwani kwa dakika tatu hivi. Kisha, nywele zikiwa bado mbichi, nikapaka matone machache ya simsim. Wembe ulipita taratibu bila kuvuta. Awoowe alisinzia! Nilipomaliza aliuliza, "Mbona huanzi?"

Maana ya jambo hili

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoielewa methali. Nywele zimeumbwa kwa protini iitwayo keratini. Nywele hunywa maji, hufura kidogo na kulainika, na nywele laini hukatika kwa nguvu kidogo. Mafuta hayawezi kuifanya kazi hiyo. Tena ukiyatanguliza, yanayazuia maji yasiingie upesi.

Povu, kwa upande wake, lina kazi mbili. Kwanza huyashikilia maji kwenye nywele yasikauke. Pili huutelezesha wembe. Mafuta yanaweza kuchukua nafasi ya povu katika kazi hizo, na kwetu yana faida nyingine mbili: hayajali maji magumu, na kwa kuwa hayana rangi nzito unaiona ngozi, hivyo ni rahisi kuchonga ndevu bila kukosea. Lakini nafasi ya maji hayaichukui kamwe. Wahenga walijua walilosema. Sabuni na mafuta ni wasaidizi, maji ndiyo yenye kazi.

Hatua za kufuata

(a) Nawa mikono. Lowesha nywele kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, dakika mbili au tatu.
(b) Paka matone machache tu ya mafuta safi ya simsim au ya nazi. Usitumie mafuta yaliyokwisha kukaangia mahamri, kwani yana makombo. Mafuta mazito ya kujipaka pia hayafai, huuziba wembe.
(c) Pangusa viganja. Mikono yenye mafuta huteleza, na wembe hauna rafiki.
(d) Nyoa kwa kufuata nywele zinakoelekea, polepole, bila kukandamiza.
(e) Usuuze wembe kila mara ndani ya kikombe cha maji moto, kwa sababu mafuta na nywele hushikana katikati yake.
(f) Mwisho pangusa ngozi kwa kitambaa chenye maji safi. Wenye chunusi wajihadhari. Wengine mafuta huwazidishia, basi wajaribu kwanza sehemu ndogo.

Jambo ambalo mafuta hayafanyi

Nimewasikia vijana wenzangu wakisema kwamba wembe ukipakwa mafuta unakuwa safi na mnaweza kuutumia watu watatu. Huo ni uongo wa hatari. Mafuta hayaui virusi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha kuvipitisha. UKIMWI nao huweza kuenezwa kwa wembe wenye damu ya mtu mwingine.

Zamani wembe mmoja ulinolewa na kutumiwa miaka mingi. Mwaka wa 1903, huko Marekani, kampuni ya King C. Gillette ilianza kuuza wembe mwembamba wa kutupwa, na mwaka ule wa kwanza iliuza vipini 51 tu na nyembe 168. Leo nyembe kama hizo zinapatikana hata katika kibanda kidogo kabisa cha kijijini. Basi hatuna kisingizio. Mtu mmoja, wembe mmoja. Ukienda kwa kinyozi, mwombe kwa adabu afungue wembe mpya mbele yako. Akikasirika, ondoka na nywele zako.

Hitimisho

Wenzangu, mwaka huu Awoowe hajakatwa hata mara moja, na maji tunayotumia hayazidi vikombe viwili. Nawasihi, mtu asidharau methali kwa kuwa ameikariri. Ndani yake mna elimu ya watu walioishi kabla yetu, nao pia walikuwa na maji haba.

Zoezi

1. Eleza kwa nini sabuni haitoi povu upesi katika maji magumu.
2. Ni kazi gani ya maji ambayo mafuta hayawezi kuifanya?
3. Wahenga pia walisema: Kinyozi hajinyoi. Eleza maana yake, kisha umtaje mzee mmoja kwenu anayehitaji kunyolewa.

Asiyeweza swali la tatu aende nyumbani akaangalie vizuri. Wasalaam.