Waasisi wa Umeme wa Jua: Somo kwa Kizingitini

Mwaka wa 1984, Shule ya Sekondari ya Karamugi, Meru, ilikuwa ikifikiria kununua jenereta. Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, alikutana na mhandisi Harold Burris, Mmarekani mwenzake aliyekuwa akifanya kazi ya sola Embu. Shule ikachagua paneli, na taa zikawaka madarasani.

Mwaka uliofuata wawili hao waliwafunza mafundi wa mtaani kwa vitendo, wakifunga sola katika shule. Baadhi ya mafundi hao walijiajiri, na sola za majumbani zikaenea vijijini. Hankins baadaye aliandika vitabu vya sola.

Kizingitini, ambako dizeli huja kwa chombo, somo ni hilo hilo: paneli bila fundi haidumu. Chumvi ya bahari hula viungo vya waya, na betri ya maji ikikauka huharibika.

Kanuni za mwaka 2012 zinamtaka fundi wa sola awe na leseni, ambayo leo hutolewa na EPRA. Kijana anayeitaka kazi hii aanze kwa mafunzo. Mwenye nyumba naye aombe kuiona leseni kabla ya kulipa.