SOMO LA WANACHAMA: KUPIMA MADENI YENYE BIMA BAINA YA NCHI MBILI



Hapana mwenye shamba asiyeijua mali kauli: mtu huchukua mzigo leo, akalipa baadaye. Bidhaa nyingi ziendazo ng'ambo huuzwa vivyo hivyo. Muuzaji akichelea kutolipwa, hukata bima ya mkopo. Uingereza iliunda idara ya kazi hiyo mwaka 1919, na mwaka 1934 mashirika ya bima hizo yalianzisha umoja wao mjini Berne, Uswisi. Mnunuzi asipolipa, bima humlipa muuzaji sehemu kubwa ya hasara yake, kisha bima ndiyo inayomdai mnunuzi.

Fedha zote ambazo bima ingepaswa kuzilipa lau wanunuzi wa nchi fulani wasingelipa hata mmoja, hapa tutaziita "dhima" ya nchi hiyo. Bei ya karafuu yetu hutegemea wanunuzi wa mbali, basi yafaa tujue kuisoma hesabu hii.

Tuseme nchi Alifu na nchi Be kila moja ilikuwa na dhima ya milioni 40 mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu Alifu ina milioni 80, na Be milioni 44. Mwenye haraka atasema Alifu ndiyo ya kuogopwa. Lakini Alifu sasa yanunua mara mbili ya zamani, na deni lililopita muda wake ni milioni 1 tu. Be imepunguza ununuzi kwa nusu, na katika milioni zake 44, milioni 20 zimepita muda. Dhima ya Alifu imekua kwa biashara. Ya Be haishuki kwa sababu hailipwi.

Basi shikeni mambo manne:

1. Linganisheni tarehe zilezile na fedha za aina moja.
2. Tengeni deni lisilofika muda na lililopita muda.
3. Dhima kushuka si lazima iwe heri. Pengine bima imekataa kuidhamini nchi hiyo.
4. Deni lisilo na bima halimo katika hesabu hii.

Sasa tutazame nchi mbili za kweli, Nigeria na Indonesia, zote zenye mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka katika miaka ya 1980, Nigeria ilishindwa kulipia bidhaa ilizoagiza. Madeni yasiyo na bima yaligeuzwa kuwa hati za ahadi kuanzia mwaka 1984. Yenye bima yalifikishwa mbele ya serikali zinazodai, zikutanazo Paris, yakapangwa upya mwaka 1986, 1989, 1991 na 2000. Riba na malimbikizo viliyavimbisha, hata mwaka 2005 ukapatikana msamaha wa dola bilioni 18 hivi.

Indonesia nayo ilikuwa imepangiwa upya madeni yake mwaka 1970. Miaka ya 1980 ikapita bila ya kurudi Paris kuomba. Ikarudi mwaka 1998, baada ya msukosuko wa fedha wa Asia ulioanza 1997. Aliyeitazama mwaka 1970 peke yake angeogopa kuiuzia. Aliyeitazama mwaka 1990 peke yake angejiona salama. Mwaka mmoja hautoshi kuwa shahidi.

Na hapa pana fundisho letu wenyewe. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, ikitia karafuu katika sigara zake za kretek. Katika miaka ileile ya 1980, ilipokuwa ikilipa madeni yake vyema, ilipunguza sana kuagiza karafuu, maana mashamba yake yenyewe yalikuwa yamekwisha kuzaa. Bima humwangalia mnunuzi kama atalipa alichokwisha kuchukua. Haidhamini kwamba atarudi kununua mwakani. Khofu hiyo haina bima, na dawa yake ni kuwa na wanunuzi wengi.

Zoezi: Dhima ya nchi Te imeshuka kutoka milioni 30 hadi 10. Mtauliza maswali gani kabla ya kuisifu? Jadilianeni katika mkutano wa tawi lenu.