KUIPIMA MVUA YA MWAYA

Watu wa Mwaya hawakuzoea kulalamikia uhaba wa mvua. Katika nchi ya Kyela hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kadiri ambayo wilaya nyingi za Tanzania hazipati hata nusu yake. Hata hivyo twasikia mara nyingi kwamba mvua si ile ya zamani. Neno hili yafaa lipimwe, lisiaminiwe wala kukataliwa bure.

Kwanza, mwaka mmoja mbaya si ushahidi. Wataalamu hutazama miaka 30 kabla ya kusema tabia ya nchi imegeuka. Ziwa Nyasa lenyewe latufundisha: baina ya 1915 na 1935 maji yake hayakutoka kwenda Mto Shire, na kufikia 1980 yalikuwa yamepanda sana. Lakini yajulikana pia kwamba dunia imepata joto, zaidi ya digrii 1.1 kupita ilivyokuwa baina ya 1850 na 1900. Kwa kila digrii moja hewa yaweza kuchukua mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo sababu mvua kubwa za ghafula zatazamiwa kuzidi.

Pili, jumla ya mwaka haitoshi. Mpunga wataka mvua kwa wakati wake. Ukavu wa wiki mbili ukiangukia wakati wa kutoa masuke, mavuno huwa mapepe, ijapokuwa jumla ni nzuri. Basi na tuandike mambo matatu: siku mvua ilipoanza na kuendelea, siku za ukavu zilizofuatana baada ya kupanda, na siku iliyonyesha kupita zote.

Chombo si cha gharama. Twaa kopo lenye kuta zilizonyooka, ulisimamishe mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa 3 asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika milimita, kisha mwaga. Pasiponyesha andika 0, maana siku tupu nayo ni habari. Mvua ya milimita 50 yamwaga zaidi ya lita 200,000 juu ya ekari moja.

Tatu, tusiisingizie mvua yetu makosa ya mahali pengine. Mito ya Kiwira na Mbaka yashuka kutoka milima ya Rungwe. Shamba la Mwaya laweza kuzama siku ambayo kopo la Mwaya ni kavu. Mafuriko hayo yaandikwe mbali, pamoja na mbegu iliyopandwa na siku ya palizi, ili sababu zisichanganyike.

Twawashauri walimu waliweke daftari hili shuleni, na wazee wa kijiji walikague pamoja na Bwana Shamba kabla ya kila msimu. Mwenye daftari la miaka kumi hatapoteza mbegu yake kwa manyunyu ya kwanza yanayodanganya. Haba na haba hujaza kibaba.