Kukunja HLA-A2 Bila Kupoteza Wiki Nzima

Ukitaka kutengeneza HLA-A2 maabara, anza na peptidi kabla hujagusa bakteria. Peptidi ndiyo nguzo ya protini hii: ikikosekana, mnyororo mzito hufumuka, beta-2 mikroglobulini hujitenga, na asubuhi unakuta chupa imejaa ukungu mweupe.

Jaribio la kwanza lifanye kwa peptidi inayosifika kwa kushika, hata kama siyo unayoitafiti. NLVPMVATV ya sitomegalovirusi inafaa. Ina asidi amino 9. Liusini ya nafasi ya 2 na valini ya mwisho huzama barabara kwenye vishimo viwili vya mfereji wa HLA-A2.

E. koli huzalisha minyororo yote miwili kama madonge yasiyoyeyuka. Yaoshe mpaka yawe meupe (hapa ndipo wavivu huumbuka), kisha yayeyushe katika yurea ya mola 8. Bafa ya kukunjia: Trisi milimola 100 ya pH 8, arginini 400, EDTA 2, glutathioni 5 isiyooksidishwa na 0.5 iliyooksidishwa. Arginini huzuia protini zisigandamane. Glutathioni husaidia madaraja ya salfa yajipange mahali pake. Tia peptidi, kisha beta-2, na mnyororo mzito uje mwisho, tone kwa tone, bafa ikizunguka kwa kasi kwenye chumba baridi. Ukiumwaga wote kwa mkupuo, umepata ukungu tena. Subiri siku mbili au tatu.

Mimi huandaa chupa ya pili yenye kila kitu isipokuwa peptidi. Kwenye safu ya kuchuja kwa ukubwa, kilele cha kilodaltoni 45 hivi kionekane katika chupa ya kwanza tu. Kikitokea kote kuwili, usishangilie. Chunguza kwanza kama peptidi imeingia chupa isiyo yake.

Kwa peptidi nyingi, kukunja moja moja kunachosha. Badili tairosini ya 84 na alanini ya 139 ziwe sisteini: daraja jipya hufunga ncha ya mfereji, na protini hustahimili kukaa tupu ikisubiri peptidi. Lakini kumbuka kwamba chupa isiyo na peptidi sasa haikupi tena jibu la wazi. Tumia badala yake peptidi yenye nafasi ya 2 na ya 9 zilizoharibiwa, na pima upya matokeo muhimu kwa protini isiyobadilishwa.

Ukielekea kwenye tetrama, zilizobuniwa mwaka 1996, weka alama ya biotini kwenye mkia wa mnyororo mzito, mbali na mfereji. Streptavidini igawe mara kumi, ukipumzisha kila mara, ili nafasi zake nne zijae. Seli za CD8 zikinata ovyo bila kujali peptidi, badili alanini ya 245 iwe valini. Mshiko wa CD8 utalegea.