Mafungu yanapozidi mali: somo la aul



Likizo iliyopita, nyumbani Buyenzi, niliombwa kugawa mirathi ya mama yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuacha mtoto, wala mzazi, wala kaka. Aliacha mume na dada zake wawili wa baba na mama mmoja, na mmoja wa hao dada ni mama yangu mzazi. Baada ya mazishi na madeni zilibaki faranga milioni 21. Niliona hesabu nyepesi: mume nusu, dada wagawane kilichobaki. Nikamwambia baba mkubwa kwamba zake ni milioni 10.5, nikaenda kulala.

Asubuhi nilifungua daftari la mwaka wa pili nikaona nimekosea. Dada hawa hawangoji kilichobaki. Wangekuwa na kaka, wangekuwa asaba pamoja naye. Bila kaka wana fungu lao, thuluthi mbili, katika Surat An-Nisaa aya ya 176, kama mume alivyo na nusu yake katika aya ya 12. Sasa jumlisha. Asili ya masala ni 6: nusu ni 3, thuluthi mbili ni 4. Mali ina sehemu sita, wenyewe wanadai saba.

Hii ndiyo aul. Ilimfikia Sayyidna Umar (r.a.) katika ukhalifa wake, akawashauri Masahaba. Husimuliwa mfano wa deni: mtu kafa kaacha dirhamu 6, huyu anamdai 3 na yule 4. Hafukuzwi mtu. Mali hukatwa sehemu 7, na upungufu humgusa kila mmoja kwa kadiri ya haki yake. Basi kwetu 6 ikapanda kuwa 7: mume sehemu 3, yaani milioni 9, na kila dada sehemu 2, yaani milioni 6. Mume amepungukiwa milioni 1.5, dada kwa pamoja milioni 2. Kila upande umepoteza moja ya saba ya dai lake.

Asili zinazopanda ni tatu tu: 6 hadi 10, 12 hadi 17, na 24 hadi 27. (Hiyo ya 27 ndiyo masala ya mimbari, ya mke, mabinti wawili, baba na mama. Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa akiwa mimbarini, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa moja ya tisa.)

Kazi ilikuwa kurudi kwa baba mkubwa. Ninampunguzia milioni moja na nusu, na pesa inakwenda kwa mama yangu na dada yake! Akaniuliza, "Mwanangu, Qur'ani imesema nusu. Hiyo tatu kwa saba umeitoa wapi?"

Si swali la kudharau. Ibn Abbas (r.a.) mwenyewe, baada ya kufa Umar, aliikataa aul. Kwake upungufu uwaangukie mabinti na dada, ambao wakiwa na kaka hugeuka asaba, na mume asiguswe. Mashia Imamiya wamo katika rai hiyo, na ndiyo iliyotoka katika kosa langu la kwanza bila mimi kujua. Madhehebu manne yamekwenda na Umar, na sisi nyumbani ni Mashafii. Nilimweleza baba mkubwa rai zote mbili, nikamwomba ampelekee sheikh ambaye mama yake hamo katika hesabu.

Alirudi baada ya swala ya alasiri na karatasi yangu. Nyuma yake sheikh alikuwa ameandika 7, na chini yake 3, 2, 2.