Chati ya Joto Ukutani: Fizikia katika Chumba cha Kujifungulia

Chati ya kufundishia joto na themodinamiki, iliyofunikwa kwa plastiki ili ipanguswe bila kuharibika, huzoeleka kutundikwa darasani. Hata hivyo, mafunzo yake yanahitajika pia katika chumba cha kujifungulia. Mtoto hutoka tumboni, penye nyuzi joto zipatazo 37, na kuingia katika hewa iliyo baridi kuliko mwili wake. Kanuni ya pili ya themodinamiki yaeleza yanayofuata: joto huhama lenyewe kutoka penye joto zaidi kwenda penye joto pungufu.

Njia nne za kupoteza joto

Mpitisho hutokea mtoto anapolazwa juu ya mizani ya chuma isiyotandikwa kitambaa. Myuko hutokea hewa ya feni au ya dirisha inapoondoa joto lililoizunguka ngozi. Kwa mnururisho, joto la mwili huelekea kwenye ukuta ulio baridi hata pasipo kugusana. Uvukizaji hutokea maji ya uzazi yaliyo juu ya ngozi yanapogeuka mvuke. Nao ndio hatari kubwa zaidi mara tu baada ya kuzaliwa.

Hesabu ya kijiko kimoja

Gramu 1 ya maji huchukua takriban kilojuli 2.4 ili kugeuka mvuke kwenye ngozi. Kwa hiyo gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, huchukua kilojuli 12. Kilo 1 ya mwili ikipoteza takriban kilojuli 3.5, hupoa kwa nyuzi 1. Mtoto wa kilo 3 hupoa kiasi hicho akipoteza kilojuli 10.5. Basi kijiko kimoja cha maji kikikauka kwa joto la mwili wake pekee, chaweza kumshusha zaidi ya nyuzi 1. Aliyekuwa na nyuzi 37 atakuwa chini ya 36.5, ambacho ni kiwango cha chini cha kawaida.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vya kutosha ili kujipasha joto. Huunguza mafuta maalumu ya mwilini, akitumia oksijeni na sukari. Ndiyo maana baridi huweza kuleta upungufu wa sukari na shida ya kupumua, hasa kwa mtoto njiti, ambaye akiba yake ni ndogo.

Kutoka chati hadi tendo

Kumkausha mara moja na kuondoa kitambaa kilicholowa huzuia uvukizaji. Kumlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, huugeuza mpitisho kuwa msaada, kwa kuwa mama humpa joto. Kofia na shuka kavu hupunguza myuko na mnururisho. Chumba kiwe na nyuzi zisizopungua 25, na kuoga kuahirishwe kwa saa 24.

Nyumbani, nyayo na tumbo vikiwa baridi kwa pamoja, mtoto awekwe kifuani pa mama, afunikwe, na apelekwe kituo cha afya akiwa katika hali hiyo hiyo.

Zoezi: Mtoto amekaushwa vizuri, kisha amelazwa peke yake karibu na dirisha lililo wazi. Ni njia zipi za kupoteza joto zilizobaki wazi?